Taa ya Servisi na Mwenye Ruhusa ya Kuizima

Taa ya servisi haijui kama umebadilisha oili. Hilo ndilo la kushika kwanza, kwa sababu karibu mkanganyiko wote unaofuata unaanzia hapo. Unaweza kumwaga oili yote ya zamani, ukafunga filta mpya, ukajaza oili ya daraja lile lile lililoandikwa kwenye kitabu cha gari, na kesho asubuhi dashibodi ikakwambia kwamba servisi imepitiliza kwa kilomita 200. Unaweza pia usiguse chochote chini ya boneti, ukashikilia kitufe kwa sekunde kumi, na gari likatulia kana kwamba limetoka gereji sasa hivi.

Ndani ya kompyuta mojawapo ya gari, mara nyingi ile ile inayoendesha dashibodi, zimehifadhiwa namba mbili: kilomita zilizobaki na siku zilizobaki. Gari likitembea, namba ya kwanza inapungua. Kalenda ikisonga, ya pili inapungua. Mojawapo ikifika sifuri, taa inawaka. Kuriseti ni kuzirudisha namba hizo zilikoanzia, tuseme kilomita 10,000 na mwaka mmoja. Hakuna vali inayofunguka wala pampu inayozunguka. Ni kuandika namba mpya juu ya namba ya zamani.

Kama ni hivyo tu, kwa nini yapo magari ambayo mwenye gari haruhusiwi kuiandika? Jibu linapita kwenye sheria za moshi, usalama wa kompyuta, biashara ya vipuri na kesi za mahakamani, na nitalifuata hatua kwa hatua.

Lakini kwanza tutenganishe taa tatu ambazo watu huzichanganya, maana kuzichanganya kunaua injini. Taa nyekundu yenye umbo la kopo la oili lenye mdomo mrefu inasema shinikizo la oili limeshuka sasa hivi. Ikiwaka ukiwa barabarani, simama pembeni na zima injini papo hapo, usijipe hata kilomita moja ya kufika nyumbani. Taa ya njano yenye umbo la injini inasema kompyuta imeona kasoro na imeihifadhi kama msimbo, mara nyingi kasoro inayohusu mchomo wa mafuta au moshi. Kuifuta bila kutengeneza ni kuvunja kipimajoto ili homa isionekane. Ya tatu, yenye umbo la spana ndogo au yenye maneno ya kukumbusha servisi, ndiyo kikumbusho. Hiyo haijaona kasoro yoyote. Imehesabu tu. Makala hii inahusu hiyo ya tatu, na ninaposema kuzima taa sina maana ya zile mbili nyingine.

Hesabu yenyewe haiko sawa katika magari yote. Iliyo rahisi kabisa huhesabu kilomita na kuishia hapo. Kisha mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya General Motors ilianza kuweka katika magari yake mfumo wa kukadiria uhai wa oili. Watu wengi huamini kwamba mfumo kama huo una kihisi kinachoonja oili na kupima uchafu wake. Hauna. Kompyuta huhesabu mizunguko ya injini na kufuatilia joto lake, kisha hupunguza asilimia kufuatana na ukali wa kazi. Safari fupi fupi ambazo injini haipati moto wake sawasawa huila asilimia haraka, kwa sababu maji na petroli huingia kwenye oili na havipati muda wa kukauka. Kuvuta mzigo mzito kwenye joto kali huila haraka pia. Safari ndefu ya mwendo wa wastani huila polepole. Honda wana mfumo wa jamii hiyo, unaoonyesha herufi na namba: A ni kubadilisha oili, B ni oili pamoja na filta na ukaguzi mpana zaidi, na namba zinazofuata hutaja kazi za ziada, kwa mfano 1 ni kuzungusha matairi na 4 ni plagi.

Volkswagen na wenzake wa kundi moja walikwenda na mipango miwili katika gari lile lile. Uko mpango usiobadilika, wa kilomita 15,000 au mwaka mmoja, na uko mpango unaonyumbuka ambao unaweza kufika kilomita 30,000 au miaka miwili, ikiwa oili ni ile maalumu ya muda mrefu. Hapa kuriseti si kufuta taa peke yake. Ni kuchagua mpango. Anayejaza oili ya kawaida kisha akaliacha gari katika mpango wa kunyumbuka ameiambia kompyuta habari isiyo ya kweli, na kompyuta itamwamini kwa miaka miwili.

Jambo hili nalisisitiza kwa sababu wanaotetea haki ya mwenye gari wakati mwingine huzungumza kana kwamba kikumbusho ni hila ya kibiashara ya kupuuzwa. Sikubaliani nao. Chukua gari la dizeli lenye chujio la masizi kwenye eksozi. Ili kuyachoma masizi yaliyojaa, injini humwagia dizeli ya ziada kwenye silinda baada ya mchomo wa kawaida, ili joto la eksozi lipande. Sehemu ya dizeli hiyo huteremka kwenye kuta za silinda na kuingia kwenye oili. Kompyuta huhesabu ni mara ngapi uchomaji umefanyika, na kutokana na hapo hukadiria oili imechujuka kiasi gani. Ukibadilisha oili na usiriseti, kompyuta itaendelea kuihesabu oili mpya kama iliyokwisha, na itaonya bila sababu. Ukiriseti bila kubadilisha, beringi za injini zinabaki zikilainishwa na mchanganyiko mwepesi wa oili na dizeli, huku dashibodi ikiwa safi. Namba ina maana. Ndiyo sababu anayefanya kazi yenyewe lazima awe na uwezo wa kuiandika.

Njia za kuiandika zimekuwa zikisogea mbali na mkono wa mwenye gari, hatua kwa hatua. Katika Toyota nyingi za miaka mingi ilitosha kuonyesha safari A kwenye odomita, kuzima swichi, kushikilia kitufe cha odomita, kuwasha swichi bila kuwasha injini, na kuendelea kushikilia mpaka sifuri zitokee. Katika magari mengi ya General Motors uliwasha swichi na kukanyaga mafuta hadi chini mara tatu ndani ya sekunde tano. Hakuna kifaa, hakuna malipo, na maelezo yako kwenye kitabu cha gari. Baadaye zikaja menyu kwenye skrini, ambazo kwa kweli ni nafuu zaidi kwa sababu huna cha kukariri. Magari mengi yanayouzwa leo bado yako katika hatua hiyo, na kabla ya kumlipa mtu yeyote fungua kwanza kitabu cha gari lako.

Kisha yakaja magari ambayo sehemu ya kazi hiyo inahitaji skana, yaani kifaa kinachochomekwa kwenye gari ili kizungumze na kompyuta zake. Oili unaweza kuriseti kwa menyu, lakini breki ya mkono ya umeme haifunguki kuingiza pedi mpya bila amri ya kompyuta. Betri mpya ya BMW inatakiwa isajiliwe ili mfumo wa kuchaji ujue kwamba si ile kuukuu. Peugeot na Citroën za dizeli zenye tanki la dawa ya kusaidia kuchoma masizi huhesabu dawa iliyotumika, na ukijaza tanki lazima uiambie kompyuta kwamba limejaa, maana yenyewe inaweza kuendelea kuamini kwamba limekauka. Hatua ya mwisho, na ndiyo iliyoleta ugomvi, ni pale skana yenyewe inapolazimika kupiga hodi kwenye seva ya mtengenezaji kupitia intaneti, ijitambulishe, ilipiwe, ndipo amri ipite.

Nimewahi kukaa ndani ya gari langu lenye oili mpya niliyoibadilisha kwa mikono yangu, taa ikiwa imewaka, nikaambiwa na gereji moja kwamba watazima taa iwapo tu watafanya servisi nzima upya. Stakabadhi za oili na filta nilikuwa nazo mkononi. Hawakuzitazama. Siku ile ndipo nilipoelewa kwamba suala halikuwa taa.

Watu huuliza, na ni swali la haki: si kila gari lina tundu la OBD, lile la kusomea kasoro, chini ya usukani? Si skana yoyote huchomekwa pale? Tundu ni moja, ndiyo. Lenye pini 16, umbo lile lile, kuanzia magari ya modeli ya 1996 yanayouzwa Marekani, na Ulaya kwa magari ya petroli tangu 2001, ya dizeli miaka michache baadaye. Lakini sheria iliyoleta tundu hilo ilikuwa sheria ya hewa safi. Serikali zilitaka fundi yeyote aweze kusoma kasoro zinazoongeza moshi, na zikalazimisha lugha moja kwa ajili ya hilo. Kilichobaki chote, yaani breki, mifuko ya hewa, vioo, viti na kikumbusho cha servisi, kiliachwa nje ya lugha hiyo. Kwa hiyo skana ya bei ndogo inasoma kasoro ya moshi katika gari la kampuni yoyote, kisha inakwama kabisa mbele ya namba ya kilomita zilizobaki.

Upo mkataba wa kimataifa wa namna skana inavyozungumza na kompyuta za gari, ISO 14229. Unaeleza jinsi ya kuomba kusoma kitu chenye namba fulani na jinsi ya kuomba kuandika juu yake. Huo ni sarufi bila kamusi. Namba ipi inashika kilomita za servisi, iko katika kompyuta ipi, imeandikwa kwa kipimo gani, hayo anayajua mtengenezaji. Watengenezaji wa skana huru hulipia habari hizo, au hukaa na gari na kusikiliza mazungumzo ya kompyuta zake mpaka wang'amue. Mkataba huo huo unaruhusu kufuli: kompyuta inatoa namba ya kubahatisha, na skana lazima ijibu kwa namba sahihi iliyokokotolewa kwa siri ya mtengenezaji. Toleo la 2020 likaongeza utambulisho kwa vyeti vya kidijitali, kama vile benki inavyojitambulisha kwa simu yako. Siri ya hesabu mtu anaweza kuing'amua. Cheti kinachotolewa na seva hakighushiki kirahisi.

Kufuli hizi zilipata nguvu baada ya tukio la 2015. Watafiti wawili wa usalama wa kompyuta, Charlie Miller na Chris Valasek, waliingia kwa mbali katika Jeep Cherokee iliyokuwa barabarani, ikiendeshwa na mwandishi wa habari aliyekubali jaribio hilo, wakachezea redio na vifuta kioo, na mwishowe wakakata nguvu ya kwenda mbele. Fiat Chrysler ikaita magari milioni 1.4 yarekebishwe. Kuanzia modeli za 2018 kampuni hiyo ikaweka kati ya tundu la OBD na mtandao wa ndani wa gari kompyuta ya mlinzi. Kusoma unaruhusiwa, kuandika mpaka ujitambulishe. Wengine wakafuata, kundi la Volkswagen lilileta kinga ya namna hiyo na Golf ya kizazi cha nane. Kisha Umoja wa Mataifa ukapitisha kanuni R155 ya usalama wa mitandao ya magari, ambayo Ulaya imeilazimisha kwa aina mpya za magari tangu Julai 2022 na kwa magari yote mapya tangu Julai 2024.

Hofu hiyo ni ya kweli na siidharau. Gari linaloweza kusimamishwa na mtu aliye mbali ni hatari kwa kila aliye barabarani. Lakini wale watafiti waliingia kupitia mtandao wa simu uliounganishwa na redio ya gari. Hawakuwa na waya kwenye tundu la OBD. Mlango waliopitia ni ule ambao mtengenezaji aliuweka kwa ajili yake mwenyewe na huduma zake; mlango uliowekewa mlinzi ni ule wa fundi. Vifaa vidogo vya intaneti vinavyoachwa vimechomekwa kwenye tundu vinaweza kutumiwa vibaya, hiyo ni hoja halali ya kuweka kinga pale pia. Haielezi kwa nini kinga hiyo iandamane na ada ya kila mwaka.

Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitakiwa kulitazama hilo hilo. Kampuni mbili za gereji na vioo, A.T.U. na Carglass, zilikuwa zimeishtaki FCA Italy, tawi la Fiat Chrysler, nchini Ujerumani kwa sababu ya kompyuta ile ya mlinzi: ili kuandika chochote ndani ya gari, fundi alipaswa kusajiliwa kwa mtengenezaji, kulipia, na kuwa na intaneti iliyounganishwa na seva yake. Tarehe 5 Oktoba 2023, katika shauri C-296/22, mahakama ilisema mtengenezaji hawezi kuweka masharti ambayo Kanuni 2018/858 ya Umoja wa Ulaya kuhusu magari haikuyataja. Usalama wa mitandao haukupuuzwa. Mahakama ilisema ni juu ya mtengenezaji kuupata bila kumfungia nje fundi huru. Kwangu mimi hiyo ndiyo hukumu iliyoligusa suala hili karibu kuliko nyingine yoyote, maana ilizungumzia kuandika, ilhali sheria nyingi zilizotangulia zilikuwa zimejali kusoma.

Marekani walianzia kwenye kura. Mwaka 2012 wapiga kura wa jimbo la Massachusetts, zaidi ya asilimia 80 yao, walikubali sheria inayowalazimisha watengenezaji kuziuzia gereji huru habari na zana zile zile wanazowapa mawakala wao. Watengenezaji waliona afadhali kuwa na kanuni moja kuliko majimbo 50 yenye sheria 50, na 2014 wakatia saini makubaliano ya kuiheshimu nchi nzima. Makubaliano hayo yalikuwa na tundu la sindano ambalo ngamia mzima alipita: habari zinazotumwa na gari moja kwa moja kwenda kwa mtengenezaji kupitia mtandao wa simu hazikuhusishwa kikamilifu. Gari likianza kutuma hali yake ya servisi hewani, wakala anajua kabla yako kwamba oili inakaribia kuisha muda, naye anakupigia simu. Massachusetts wakapiga kura tena Novemba 2020 kuziba pengo hilo, na karibu asilimia 75 wakakubali. Watengenezaji wakaenda mahakamani. Juni 2023 mamlaka ya usalama barabarani ya shirikisho ikawaandikia watengenezaji wasiitii sheria hiyo kwa sababu za usalama. Agosti mwaka huo huo ikalegeza, ikisema mawasiliano ya karibu kama Bluetooth yanaweza kutosha. Februari 2025 jaji wa shirikisho akaitupa kesi ya watengenezaji.

Kuna uzi mwingine wa Marekani ambao haujulikani sana na unastahili kujulikana. Sheria ya hakimiliki ya 1998 inakataza kuvunja kufuli ya kidijitali inayolinda programu. Programu ya gari ni kazi yenye hakimiliki, kwa hiyo mwenye gari aliyevunja kufuli ili atengeneze mali yake angeweza kuhesabiwa mvunja sheria ya hakimiliki. Mwaka 2015 ilitolewa ruhusa ya pekee kwa magari, lakini kwa mwenye gari mwenyewe. Fundi aliyemsaidia hakuhusika. Mwaka 2018 ruhusa ikapanuliwa, fundi akaingia. Mpaka leo, hata hivyo, ruhusa hizo hugusa tendo la kufungua tu. Kutengeneza na kuuza zana ya kufungulia ni kifungu kingine, na ruhusa hazikifikii. Una haki ya kufungua kufuli la nyumba yako, ila ufunguo haruhusiwi mtu kukuchongea.

Nchi nyingine nazo zimeanza. Afrika Kusini, miongozo ya Tume ya Ushindani kuhusu soko la matengenezo ya magari ilianza kazi tarehe 1 Julai 2021. Australia, sheria ya kulazimisha habari za matengenezo ziuzwe kwa gereji zote kwa bei ya haki ilianza tarehe 1 Julai 2022.

Swali ninaloulizwa kuliko mengine ni la waranti: nikiriseti mwenyewe, nitaipoteza? Mahali ambapo sheria imetamka, jibu ni hapana. Marekani, tangu sheria ya waranti ya 1975, mtengenezaji haruhusiwi kufungamanisha waranti na huduma au vipuri vyake isipokuwa avitoe bure. Mwaka 2022 Tume ya Biashara ya Shirikisho iliibana Harley-Davidson kwa waranti iliyowaambia wateja kwamba wakitumia vipuri vya wengine wameipoteza. Ulaya, kanuni za ushindani wa soko la magari hufika mahali hapo hapo kwa njia nyingine. Mtengenezaji anayekataa dai anatakiwa aonyeshe kwamba kazi yako ndiyo iliyosababisha uharibifu.

Lakini haki bila ushahidi inachoka haraka. Mali bila daftari huisha bila habari, na siku hizi daftari lenyewe limehamia kwenye seva. Magari mengi mapya hayana tena kitabu cha mihuri. Historia ya servisi inakaa kwa mtengenezaji, na anayekuja kulinunua gari lako atauliza huko. Ukiriseti kwa kitufe, dashibodi inasafika, ila kwenye seva pengo linabaki wazi. Sheria ya Ulaya inawapa mafundi huru haki ya kuiona historia hiyo na kuandika kazi yao humo. Kwingine inategemea hiari ya mtengenezaji. Kwa hiyo kila unapobadilisha oili, piga picha odomita, hifadhi stakabadhi, andika tarehe, kilomita, daraja la oili na namba ya filta. Dakika tano hizo ndizo zitakazokusemea siku injini ikigonga ndani ya muda wa waranti.

Daftari hilo linajibu pia hoja nzito zaidi ya wanaotetea kufuli, kwamba kila mtu akiweza kuriseti, wauzaji watafunika kombe mwanaharamu apite. Ni kweli, watakuwapo. Wapo sasa. Kufuli haliwazuii, kwa sababu mwenye ufunguo naye anaweza kuriseti bila kubadilisha oili, na taa haitamshtaki. Kinachomshtaki ni oili yenyewe, filta yenye kutu, na stakabadhi isiyokuwepo. Hapo naona hasara nyingine ambayo haizungumzwi vya kutosha: baadhi ya magari, yakiwemo ya BMW na Audi, yameondolewa kijiti cha kupimia oili, na kiwango unakisoma kwenye skrini. Kijiti kilikuwa hakidanganyi. Ulikivuta, ukakifuta, ukakichovya tena, ukaona rangi na kiwango, ukanusa kama ina harufu ya mafuta. Mnunuzi asiye na skana wala seva alikuwa na njia ya kujua.

Siombi kufuli zote ziondolewe. Kusajili ufunguo mpya wa gari ni kazi ambayo mwizi anaitamani, na Ulaya imeweka utaratibu wa kuwathibitisha mafundi kabla ya kuwapa habari hizo, naukubali. Breki ya mkono ya umeme inaweza kubana vidole vya mtu, basi iwe na tahadhari. BMW hukataa kuriseti pedi za breki mpaka kihisi kilichokatika kibadilishwe, na hiyo ni kufuli nzuri, kwa sababu inauliza hali ya kitu. Haiulizi wewe ni nani. Kikumbusho cha oili hakiendeshi kitu chochote kinachosogea. Akiingia mtu mbaya akakiandika upya, uovu wake wote ni kwamba utakumbushwa mapema au utachelewa kukumbushwa, na daftari lako litamuumbua. Kukiweka nyuma ya mlinzi yule yule anayelinda usukani na breki ni uamuzi wa biashara uliovikwa vazi la usalama.

Magari ya umeme yataupima mjadala huu kwa namna yake. Hayana oili ya injini, lakini yana vikumbusho: mafuta ya breki, filta ya hewa ya ndani, dawa ya kupoza betri. Na lile tundu la pini 16 liliwekwa kwa ajili ya moshi. Gari lisilo na moshi halikubanwa na sheria iliyolileta, na watengenezaji wangeweza kulitoa kabisa. California ililiona hilo: kanuni ilizopitisha 2022 zilitaka magari ya umeme kuanzia modeli ya 2026 yawe na tundu la kawaida la kusomea kasoro, na kumwonyesha dereva afya ya betri yake kwenye skrini, bila skana na bila wakala. Sehemu nyingine za dunia zinazopokea magari hayo hayo zinaweza kudai jambo lile lile, na wakati wa kulidai ni kabla magari hayajafika.